Kila Lugha na Kazi Yake

Jioni ya leo tunazungumza juu ya watoto na lugha za nyumbani. Nimechagua kuizungumzia mada hii kutoka Murang'a, kwa sababu wapo wanaodhani kwamba mtoto asiyejua lugha ya wazazi wake anapatikana Nairobi tu, kule Kileleshwa na Lavington. Anayedhani hivyo hajasimama sokoni Mukuyu siku za karibuni.

Simama pale usikilize. Mama anauza ndizi na avokado. Yeye na mnunuzi wanavutana bei kwa Kikuyu. Kijana wa mkokoteni anaitwa kwa Kiswahili. Kisha mama anamgeukia mwanawe wa miaka minne, na hapo lugha inabadilika. Sasa ni Kiingereza, maneno manne matano: njoo, kaa, usiguse, kula. Mtoto anatii, na mama anaridhika kwamba Kiingereza kimeingia. Lakini mtoto huyo huyo akitaka kueleza kwamba kuku wa jirani amemnyang'anya hindi lake, na kwamba alimfukuza mpaka kwenye mtaro, na kwamba hakulia hata kidogo, hana lugha ya kueleza hayo yote. Kiingereza chake hakifiki huko. Kikuyu hakupewa. Kiswahili hukisikia kikisemwa na wengine. Mama amempa lugha ya kuamrishwa. Lugha ya kusimulia hajampa.

Hilo ndilo nataka tulipime leo. Wazazi wengi huuliza, mtoto wangu anajua lugha ngapi? Mimi naona swali zito zaidi ni hili: mtoto wangu anafanya nini kwa kila lugha anayoijua? Lugha isiyo na kazi nyumbani haikai kwa mtoto, hata afundishwe na mwalimu hodari namna gani.

Simlaumu yule mama. Alichokifanya sokoni kina historia, na sehemu ya historia hiyo iko hapo jirani tu, Nyeri. Mwaka 1951 msichana mmoja wa kijiji cha Ihithe alipelekwa shule ya bweni ya St. Cecilia, katika misheni ya Mathari. Huyo ni Wangari Maathai, aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004. Katika kitabu cha maisha yake, Unbowed, kilichotoka mwaka 2006, anaeleza jinsi wanafunzi walivyotakiwa kusema Kiingereza saa zote. Aliyenaswa akisema lugha ya kwao alipewa kitufe cha kuvaa kilichoitwa monita, chenye maneno ya kumdhalilisha. Naye ilibidi amvizie mwenzake anayekosea ili amkabidhi. Aliyekutwa nacho jioni alipewa adhabu, kama vile kufagia au kukata nyasi. Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki Mei 2025, alieleza mambo ya namna hiyo hiyo kutoka shule za Limuru miaka ya 1950, akiongeza viboko na kibao cha kuning'inizwa shingoni.

Sasa fikiri, msikilizaji. Nyasi zilizokatwa kwa adhabu ziliota tena, lakini aibu haikuondoka. Mtoto aliyefundishwa kwamba maneno ya mama yake ni kosa, akiwa mzazi hatangoja mwalimu. Atamkataza mwanawe mwenyewe, tena kwa mapenzi, akiamini anamwepusha na fedheha aliyoipata yeye. Monita ilitoka shuleni ikahamia sebuleni.

Na jambo la kushangaza ni kwamba sheria haiko upande wa monita. Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza mtoto afundishwe kwa lugha ya eneo lake katika miaka ya mwanzo ya shule ya msingi. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, Kiswahili kikawa somo la lazima na la kutahiniwa. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 7, inasema lugha ya taifa ni Kiswahili, lugha rasmi ni Kiswahili na Kiingereza, na Serikali itakuza na kulinda lugha za Wakenya. Mtaala wa umilisi ulioanza kutumika nchini kote mwaka 2019 umeziweka lugha za kiasili kuwa somo katika gredi ya 1 hadi ya 3. Karatasi zote ziko sawa. Lakini tafuta shule ya akademi kati ya Kenol na Karatina inayojitangaza kwa mzazi kwamba watoto wake wanasimulia vizuri kwa Kikuyu. Hata mzazi mwenyewe akiliona tangazo kama hilo, ataipita shule hiyo haraka.

Nasikia mtu ananijibu, wewe mtangazaji, Kikuyu hakiwezi kufa, sisi ni wengi. Kweli, sensa ya mwaka 2019 ilihesabu Wakikuyu zaidi ya milioni 8. Lakini hesabu hiyo ni ya kabila. Mtoto wa Mukuyu amehesabiwa humo, na hadithi ya kuku bado imemshinda kuisema.

Nichukue sasa hofu tatu ambazo wazazi huzitaja, moja baada ya nyingine.

Hofu ya kwanza ni kwamba lugha nyingi zitamchanganya mtoto. Hofu hii ni ya zamani, na wataalamu wa Ulaya na Marekani waliwahi kuishikilia. Mwaka 1962, Elizabeth Peal na Wallace Lambert wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, walitoa matokeo ya kuwapima watoto wa miaka 10 mjini Montreal. Wale waliojua Kifaransa na Kiingereza sawasawa walifanya vizuri kuliko wenzao wa lugha moja, katika majaribio ya akili waliyopewa. Wataalamu waliofuata wamebishana juu ya ukubwa wa faida hiyo, lakini ile habari ya kwamba lugha mbili zinaharibu ubongo wa mtoto haikusimama tena. Mtoto wa miaka mitatu anaposema sentensi moja yenye Kikuyu mwanzo, Kiswahili katikati na Kiingereza mwisho, anatumia maneno aliyonayo. Akizidi kusikia kila lugha ikisemwa kwa ukamilifu, atazitenga mwenyewe. Na hata akiwa mtu mzima ataendelea kuchanganya akiwa na wenzake, kama sisi sote tunavyofanya kwenye matatu.

Hofu ya pili ni kwamba Kikuyu kitamharibia mtoto Kiswahili. Hapa watu huwa na ushahidi wao tayari. Kikuyu hakitofautishi l na r, kwa hiyo mtu anakwenda kupiga kula, halafu anakaa mezani anakura. Wachekeshaji wamejenga nyumba kwa utani huo. Lakini tazama upande wa pili wa jambo. Mtoto anayejua Kikuyu vizuri anaingia darasa la Kiswahili akiwa tayari ana mifupa ya sarufi yake. Anajua mũtĩ na mĩtĩ, kwa hiyo mti na miti haimshangazi. Anajua mũndũ na andũ, basi mtu na watu anaipokea kama jamaa. Anajua kwamba nomino ikibadilika, maneno yanayopatana nayo hubadilika pia. Mwenzake aliyelelewa kwa Kiingereza kitupu ndiye anayekesha na ngeli. Ama l na r, hilo ni suala la sikio. Mtoto anayesikia Kiswahili cha watu wanaozitofautisha, tangu akiwa mdogo, atazitofautisha. Anayekisikia akiwa mkubwa huenda asiweze, na lafudhi yake itabaki kuwa lafudhi. Lafudhi haijamzuia mtu yeyote kuwa hakimu, daktari wala mbunge.

Hofu ya tatu ndiyo kubwa, nayo ni Kiingereza. Mzazi anasema, mtihani ni wa Kiingereza, kazi ni ya Kiingereza, huko Kikuyu kitampeleka wapi? Mzazi huyu anajua anachokisema. Lakini Kiingereza kina watetezi wengi. Kina shule nzima, kina vitabu vya masomo karibu yote kuanzia gredi ya 4, kina simu, kina katuni, kina mabango ya barabarani. Mtoto wa Kangema akienda shule kila siku, Kiingereza atakipata, na ukimsaidia kusoma vitabu atakipata kizuri zaidi. Kikuyu cha kusimulia, na Kiswahili cha kuzungumza, vina wewe tu. Usipovisema wewe, vitasemwa na nani?

Na Kiswahili, jamani, tukitendee haki. Katika miji hii ya Mlima Kenya, kuanzia Maragua mpaka Nanyuki, tumekipa Kiswahili kazi tatu tu: kuongea na mgeni, kumjibu polisi, na kufanya mzaha. Mtoto anakikuta kwenye karatasi ya mtihani kikiwa na ngeli, vivumishi na insha ya barua. Anaijua ngeli ya A-WA, lakini hawezi kuomba chumvi mezani bila kurudi kwenye Kiingereza. Kisha tunashangaa kwamba insha zake hazina uhai. Uhai ungetoka wapi, ikiwa hajawahi kukasirika kwa Kiswahili, wala kubembelezwa kwa Kiswahili, wala kuomba ruhusa ya kwenda kucheza kwa Kiswahili?

Basi tufanyeje? Mwaka 1913 Mfaransa mmoja, Jules Ronjat, alichapisha kitabu kuhusu mwanawe Louis. Mke wake alikuwa Mjerumani. Walikuwa wameshauriwa na mtaalamu Maurice Grammont kwamba kila mzazi ashike lugha yake bila kubadilisha, na mtoto akakua akizisema Kifaransa na Kijerumani bila taabu. Ushauri huo umezunguka dunia. Kwa familia yenye mama Mkamba na baba Mkikuyu, na zipo nyingi Makuyu na Kenol, unafaa sana: kila mmoja aseme chake, na Kiswahili kiwe uwanja wa wote wawili. Lakini nyumba nyingi za Murang'a zina baba na mama wa lugha moja. Hapo kugawana lugha kwa mtu kunakuwa kama igizo. Baba anayefanya kazi Thika na kurudi Ijumaa usiku hawezi kujifanya hajui Kikuyu mbele ya mwanawe.

Kwa nyumba kama hizo, mimi nashauri tugawe kwa kazi. Kila lugha ipewe shughuli zake, na shughuli hizo zisibadilike kila wiki.

Kikuyu kipewe shamba na shosho, yaani nyanya wa mtoto. Mtoto akienda na wakubwa kuchuma kahawa wakati wa likizo, au kuwakatia ng'ombe nyasi, majina ya kila kitu anachokigusa ayasikie kwa Kikuyu: udongo, magugu, mdudu, mvua inayokuja na mvua inayodanganya. Kikuyu cha shambani kina maneno ambayo hata wazazi wa mjini wameanza kuyasahau, na shosho bado anayo. Mpe shosho nafasi, na umpe mtoto wajibu kwake: amsomee ujumbe wa simu, amwulize alivyolala, amsikilize akieleza maisha ya kijiji enzi za Hali ya Hatari, wakati wa ukoloni. Tukumbuke jinsi Wakikuyu wanavyowapa watoto majina. Msichana wa kwanza huitwa jina la mama wa baba, wa pili jina la mama wa mama. Yaani yule mzee aliyeketi uani ni mwenzake kwa jina. Ni jambo la kusikitisha kuona watu wawili wenye jina moja wakisalimiana kwa kupungiana mikono kwa sababu hawana lugha ya kuendelea.

Kiswahili kipewe meza ya jioni. Chakula cha usiku, githeri au mukimo, kiliwe kwa Kiswahili: nani apakue, nani ameongezewa, nani aoshe vyombo, shuleni kulitokea nini. Kipewe pia duka na safari. Mtoto atumwe dukani aombe kwa Kiswahili, apokee chenji aihesabu kwa Kiswahili, na kwenye matatu amwambie kondakta mahali pa kushuka. Habari za saa moja zisikilizwe pamoja, na mtu mmoja aulizwe zimesemaje. Kiingereza kiwe na vitabu vya shule na hadithi moja ya kusoma kabla ya kulala. Huo ni mgawo mmoja. Nyumba yako inaweza kuwa na mwingine. Kinachotakiwa ni uthabiti, ili mtoto ajue kwamba hapa tunasema hivi.

Kuna mchezo mmoja unaofanya kazi kwa lugha mbili kwa wakati mmoja, nao hauna gharama. Ni vitendawili. Kwa Kikuyu mtegaji anasema gwata ndaĩ, anajibiwa ndagwata. Kwa Kiswahili anasema kitendawili, anajibiwa tega, na mwenzake akishindwa, mtegaji anadai apewe mji. Jioni moja mwaga vitendawili vya Kikuyu, jioni nyingine vya Kiswahili. Mtoto anayetaka kushinda atakwenda kwa shosho kutafuta silaha, na atakwenda kwa mwalimu wake wa Kiswahili kutafuta nyingine. Hapo lugha imepata kazi.

Sasa nitaje mambo mawili ya kuepuka. Kwanza, mtoto akikujibu kwa Kiingereza wakati wewe umemwuliza kwa Kikuyu, usimgombeze na usimcheke. Rudia alichosema kwa Kikuyu chako, kwa utulivu, kisha mazungumzo yaendelee. Ukimcheka, umemvalisha monita tena, ila umebadilisha lugha. Vilevile usimfanye kichekesho mbele ya wageni, eti mwambie mjomba kitu kwa Kikuyu tukusikie. Lugha ya kuonyeshwa wageni hukauka wageni wakiondoka.

Pili, usiiachie simu kazi ya kulea. Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, walitoa utafiti juu ya watoto wachanga wa Marekani wa miezi tisa. Kundi moja lilikaa na Wachina waliocheza nao na kuwasomea vitabu kwa Kichina. Makundi mengine yalipewa maneno yale yale kwa video au kwa sauti iliyorekodiwa. Waliokaa na watu wakajifunza kutambua sauti za Kichina. Waliopewa mashine hawakujifunza. Nami ninayekwambia haya ni sauti ya redio, kwa hiyo nasema kwa hasara yangu: mtoto wako mchanga hatafundishwa lugha na mimi. Redio za Kikuyu zimejaa hewani tangu Kameme ilipoanza mwaka 2000, na za Kiswahili ni nyingi kuliko hizo. Zitamfaa mtoto mkubwa ambaye lugha tayari anayo. Mdogo anakuhitaji wewe, na uso wako ukimtazama.

Na tusisahau kusoma. Watu wengi wa Murang'a wanaozungumza Kikuyu kama maji hukwama wakipewa ukurasa wa kusoma, kwa sababu zile ĩ na ũ hawakufundishwa kuzitazama. Nyumba nyingi zina Ibuku rĩa Ngai, yaani Biblia ya Kikuyu. Huo ni mwanzo. Na tujue kwamba palepale Karatina aliishi na kufanya kazi Gakaara wa Wanjaũ, mwandishi na mchapishaji wa vitabu vya Kikuyu, aliyepata Tuzo ya Noma ya uchapishaji barani Afrika mwaka 1984 kwa kitabu cha kumbukumbu zake za kizuizini. Ni kitabu cha Kikuyu, kimeandikwa na mtu wa Nyeri, na kikatambuliwa duniani. Mweleze mwanao hivyo siku atakapokuuliza Kikuyu kina faida gani.

Atakayebisha na asubiri miaka ishirini, au ajionee matokeo leo. Nenda kwenye ruracio yoyote, yaani sherehe ya mahari, Jumamosi, Othaya au Kigumo. Wazee wanasema kwa methali, wanazunguka, wanataniana, na mahari inapanda na kushuka ndani ya mafumbo. Bwana harusi mtarajiwa ameketi anatabasamu, akimnong'oneza binamu yake amwambie wamesemaje. Mambo ya maisha yake yanaamuliwa mbele yake, naye ni mtazamaji. Kijana huyo amesoma, ana kazi nzuri, Kiingereza chake ni safi. Hakuna aliyemkosesha Kikuyu kwa nia mbaya.

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, nakuomba jambo moja wiki hii. Chagua shughuli moja ya nyumbani, uipe Kikuyu, au Kikamba, au Kiluo, yoyote iliyo ya kwenu. Chagua nyingine, uipe Kiswahili. Zishike kwa mwezi mzima. Mtoto akikuletea hadithi, iwe ya kuku, ya mwalimu au ya rafiki aliyemkosea, iache ifike mwisho kabla hujamsahihisha. Kiingereza mwachie mwalimu akusaidie; karo umeshalipa. Hizi lugha nyingine mbili hazina karo, na hakuna shule itakayomrudishia mwanao usipompa wewe.